Shajara ya koi wachanga: kutoka sentimita 12 hadi 32

Mradi una koi sita, samaki wa rangi wanaofugwa kwa mapambo, wa mwaka wao wa kwanza, wale ambao Wajapani huwaita tosai, katika tangi moja la lita 3,000 lenye kina cha mita 1.2. Wapo Kohaku wawili (K1 na K2, weupe wenye mabaka mekundu), Sanke mmoja (SA, mweupe mwenye mabaka mekundu na madoa meusi), Showa mmoja (SH, mwenye weusi, wekundu na weupe), Asagi mmoja (AS, wa buluu mwenye wavu wa magamba mgongoni na wekundu ubavuni) na Chagoi mmoja wa kahawia (CH). Kinachofuatiliwa ni mwili, ngozi na mabaka, kwa mpangilio huo huo wa umuhimu. Baka zuri juu ya mwili mwembamba halina pa kwenda. Mwili mzuri huweza kubeba hata baka la kawaida.

Maingizo yanafuata urefu, si tarehe. Umri wa koi hausemi mengi bila joto la maji: aliyekaa miezi yote kwenye nyuzi 24 humwacha mbali nduguye wa kizazi kile kile aliyepitisha majira ya baridi kwenye nyuzi 8. Mabadiliko ya ngozi nayo huandamana zaidi na ukubwa kuliko na kalenda.

Kabla ya kipimo cha kwanza

Wiki nne za karantini, maji yakiwa nyuzi 24. Joto hilo halikuchaguliwa kwa starehe ya samaki. Virusi vya herpesi ya koi hujionyesha maji yakiwa kati ya takriban nyuzi 16 na 28. Samaki aliyekaa kwenye maji baridi anaweza kuonekana mzima kabisa huku amebeba ugonjwa. Kwenye nyuzi 24, kama upo utatoka, na utatoka ukiwa bado ndani ya tangi la karantini. Chumvi isiyo na iodini iliwekwa kilo 3 kwa kila lita 1,000, ikayeyushwa kwanza kwenye ndoo na kumiminwa kwa awamu tatu ndani ya siku mbili. Kazi yake kubwa wakati huu ni kuwakinga samaki dhidi ya nitriti, kwa kuwa kloridi hushindana nayo kwenye matamvua, na chujio jipya lazima litoe nitriti.

Ute wa samaki wawili ulikwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini. Walikuwepo Trichodina (vimelea vidogo vya ngozi) wachache, hakuna minyoo ya matamvua. Chumvi peke yake huweza isiwamalize Trichodina, ila wakiwa wachache kiasi hicho na samaki hajikuni kwenye kuta, kumsumbua kwa dawa ni hasara kuliko faida. Ute ulitazamwa tena mwishoni mwa karantini ukawa safi.

Namna ya kupima na kupiga picha

Hapa ndipo kumbukumbu nyingi za koi huharibika. Picha ya mwezi huu ikipigwa juani na ya mwezi ujao kivulini, hakuna anayeweza kusema kama wekundu umekolea au mwanga tu umebadilika. Utaratibu ni mmoja kila mara:

Samaki hawali kwa saa 24 kabla. Huswagwa taratibu kwa wavu mpana hadi kwenye beseni la buluu lililozamishwa ukingoni mwa tangi, kisha beseni huinuliwa na maji yake. Koi mchanga hanyanyuliwi na wavu hewani: miale ya mapezi ya kifua hukatika, na pezi lililopona vibaya hubaki limepinda maisha yote. Maji ndani ya beseni yafunike mgongo kwa sentimita mbili tu, yasizidi. Rula imebandikwa chini. Kamera iko juu kabisa, sentimita 60, kivulini, rangi ikiwa imesawazishwa kwa karatasi nyeupe ile ile.

Picha ipigwe ndani ya dakika mbili. Seli za rangi nyeusi hutawanya na kukusanya chembe zake kulingana na mandhari ya chini, na samaki akikaa kwenye chombo cheupe au chenye rangi nyepesi kwa muda, weusi wake hufifia mbele ya macho. Ndiyo maana beseni ni la buluu, na ni hilo hilo tangu mwanzo.

Uzito hupimwa ndani ya ndoo yenye maji iliyokwisha kusawazishwa kwenye sifuri. Halafu hesabu ya uwiano wa mwili: uzito kwa gramu, mara 100, gawa kwa urefu wa sentimita uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Koi mwenye siha nzuri huangukia karibu na 1.7. Chini ya 1.4 ni mwembamba, ana minyoo au hapati zamu ya kula. Juu ya 2.0 kwa samaki mchanga mara nyingi ni tumbo, na tumbo si ukuaji.

Sentimita 12

Watano wana kati ya sentimita 11.5 na 12.5 na gramu 27 hadi 33. CH ana 14. Chakula ni punje za milimita 2, protini asilimia 42, kiasi cha asilimia 3 ya uzito wa jumla kwa siku, kikigawanywa milo mitano. Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula, utumbo wake ni mrefu na hupitisha chakula mfululizo, hivyo milo mitano midogo hujenga mwili kuliko miwili mikubwa ya kiasi kile kile.

Hali ya ngozi mwanzoni:

K1 ana wekundu mwepesi unaoelekea rangi ya chungwa, sawasawa kutoka kichwani hadi mkiani. Ukingo wa nyuma wa kila baka ni mkali. Ukingo wa mbele una ukungu wa waridi wenye upana wa gamba moja hadi mawili, mahali ambapo magamba meupe yamelalia mekundu. Ukungu huo huitwa sashi na ndiyo alama ya samaki asiyekwisha.

K2 anapendeza zaidi kwa mtazamaji. Wekundu wake tayari umekolea kama damu, kingo zote mbili zimekatwa kama kwa wembe. Maoni yetu yaliandikwa papo hapo: huyu amewahi. Rangi iliyokomaa katika sentimita 12 bado ina ngozi mara nyingi ya hii ya kufunika.

SA ana madoa manne meusi yaliyo wazi na vivuli vya kijivu-buluu chini ya ngozi upande wa kulia. Vivuli hivyo vimechorwa kwenye karatasi, kwa kuwa kamera haivioni vizuri. SH ana kichwa cha kijivu chenye mstari mweusi, na mapezi ya kifua meusi karibu yote. AS ana kichwa chenye madoa ya kijivu na wavu wa magamba usioonekana vizuri bado.

Sentimita 15

Ukuaji ni karibu sentimita 2.5 kwa mwezi kwenye nyuzi 23 hadi 24. Punje zimepandishwa hadi milimita 3. Ishara ya kupandisha ni samaki kumeza punje kadhaa kwa mkupuo bila kuzitema. Akimeza, akatema, akarudia, punje ni kubwa mno.

Wekundu wa K1 umepungua nguvu. Aliyemwona mwezi uliopita angesema anafifia, na hapa ndipo wengi hukimbilia chakula cha rangi. Kinachotokea ni kwamba ngozi imepanuka haraka kuliko seli za rangi zilivyoongezeka, hivyo rangi ile ile imetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Jambo la kuangalia ni usawa. Wekundu uliofifia kwa usawa kote utarudi. Wekundu unaofunguka madirisha, yaani magamba meupe mojamoja katikati ya baka, ni mwembamba kiasili na dirisha halizibi. K1 hana dirisha. K2 ana mawili, moja nyuma ya pezi la mgongo.

Chakula cha rangi kimeachwa kwa sasa. Koi hawezi kutengeneza rangi nyekundu mwilini mwake. Huipata kwenye karotenoidi za chakula, kama zile za spirulina na za uduvi wa krili. Lakini kumjaza karotenoidi akiwa mchanga hukomaza baka kabla ya mwili, na zinazozidi huishia kwenye weupe, unageuka wa maziwa yaliyotiwa manjano. Weupe ni mgumu kurudisha. Weusi ni suala jingine kabisa: melanini samaki huitengeneza mwenyewe, na hakuna punje inayoiongeza kwa uhakika.

Sentimita 18 hadi 20

Kipindi chenye mengi kuliko vyote, na karibu yote yametokana na maji.

Uzito wa jumla umefika takriban gramu 900 na chakula ni gramu 23 kwa siku. Kila gramu 100 za chakula chenye protini asilimia 40 huzaa karibu gramu 3.7 za nitrojeni ya amonia, na bakteria wa chujio hula gramu 7.1 za alikalini ya maji (uwezo wake wa kuzuia pH isiporomoke, ukihesabiwa kama kalsiamu kabonati) kwa kila gramu moja ya nitrojeni hiyo. Kwa tangi hili, maana yake ni kupoteza digrii 1 ya KH, kipimo cha alikalini hiyo, kila baada ya siku tisa hivi. Maji yanayoingia yana KH 4 tu. Kipimo cha wiki kilionyesha KH 2, pH ikiwa 7.6 jioni na 7.0 alfajiri.

KH ikiisha, pH huporomoka usiku mmoja, bakteria husimama na amonia hupanda. Samaki wenyewe walikuwa wameshaanza kusema: weupe wa K1 na SA ulikuwa na mishipa myembamba ya damu, hasa karibu na mkia. Weupe wa koi ni kipimo kizuri cha maji kwa anayeutazama kila siku, hata kabla chupa za vipimo hazijafunguliwa.

Tiba ni bikabonati ya sodiamu, ile soda ya kuokea, gramu 30 kwa kila lita 1,000 ili kupandisha digrii 1. Kwa lita 3,000 ni gramu 90 kwa digrii. Ilipandishwa digrii 1 kwa siku hadi KH 6. Kuharakisha ni hatari kama kulikuwa na amonia iliyojificha: kwenye nyuzi 25, amonia yenye sumu ni karibu nusu asilimia ya amonia yote pH ikiwa 7, na zaidi ya asilimia 5 pH ikiwa 8. Kipimo kile kile cha amonia huwa kikali mara kumi. Kwa hiyo amonia hupimwa kwanza, ndipo soda iingie. Sasa maganda ya chaza yaliyopondwa, kilo 5 ndani ya mfuko wa wavu, yamewekwa kwenye njia ya maji ya chujio. Huyeyuka polepole pH inaposhuka na kujisimamia yenyewe. Mishipa ilitoweka kwenye ngozi ndani ya wiki moja.

Athari ya pili ilikuwa kwa SA, na ilistahili kusubiriwa. Maji yenye madini zaidi hukaza weusi. Maji laini huupendelea wekundu na kuuacha weusi ulegee. Vivuli viwili kati ya vile vilivyochorwa katika sentimita 12 vimeanza kupanda juu, kwanza kama doa la buluu lenye kingo za ukungu, kisha gamba moja katikati likawa jeusi tii. Wakati huo huo doa moja lililokuwa wazi limezama. Halijapotea: ukimtazama kwa pembe, ubuluu upo chini ya gamba. Weusi wa Sanke huzama na kuibuka, na kumhukumu kwa picha moja ni kumwonea.

Maji yanabadilishwa asilimia 10 kila siku ya tatu, yakipita kwenye kaboni ya kuondoa klorini. Pampu ya hewa inafanya kazi muda wote. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8.3 tu kwa lita yakiwa yamejaa, na koi anayelishwa kwa nguvu anahitaji isishuke chini ya 6. Saa moja baada ya mlo ndiyo saa ya kupima, si asubuhi pekee.

Sentimita 24

CH ana 29 na amewaacha wenzake. Ni tabia ya Chagoi. Faida yake ni kwamba hula mkononi na wengine humfuata. Hasara yake ni kwamba hufika kwanza kwenye chakula. Punje sasa hutawanywa pembe mbili za tangi kwa wakati mmoja, na AS, aliyekuwa ameshuka hadi uwiano wa 1.45, amerudi 1.65.

Jinsia imeanza kusomeka. K2 ana mapezi ya kifua marefu yenye ncha na miale ya mbele minene, mwili mwembamba kuanzia mabegani: dume, kwa kiasi kikubwa cha uhakika. K1 ana mapezi ya mviringo na mabega yanayotanuka: jike. Hii inaeleza nusu ya tofauti zao za rangi. Madume hukomaa rangi mapema, majike huchelewa na kuwa na mwili mkubwa wa kuionyesha. Mfugaji wa Niigata, Japani, anayevuna mabwawa ya udongo mwezi Oktoba na kuamua nani arudishwe bwawani mwaka unaofuata, hutafuta samaki wa aina ya K1, ambaye bado anaahidi. Humwita tategoi.

Mwili wa K1 ukitazamwa kutoka juu: sehemu pana zaidi iko mbele kidogo ya pezi la mgongo, na shina la mkia ni nene. Shina la mkia ndilo la kuangaliwa kuliko tumbo. Tumbo huja na kuondoka na chakula. Mfupa na msuli wa mkia haudanganyi. SA ana shina jembamba na huenda likabaki hivyo.

SH ndiye aliyebadilika kuliko wote. Aina hii ilianzishwa mwaka 1927 na Jukichi Hoshino kwa kuchanganya Ki Utsuri (koi mweusi mwenye manjano) na Kohaku, na weusi wake si madoa yaliyowekwa juu ya weupe kama wa Sanke: watoto wa Showa huanguliwa wakiwa weusi, na wafugaji huwachagua kwa weusi huo siku chache tu baada ya kuanguliwa. Kadiri samaki anavyokua, weupe na wekundu hufunguka juu, na weusi hujikusanya. Mapezi ya kifua yaliyokuwa meusi karibu yote sasa yana ukingo mweupe, na weusi unarudi nyuma kuelekea kwenye shina la pezi, ambako unatakiwa utulie kama nusu duara. Kichwani, mstari mweusi umekolea upande mmoja na kukatika upande mwingine. Begani yamejitokeza magamba matatu meusi mahali palipokuwa peupe.

AS: madoa ya kijivu kichwani yanaondoka, yamebaki mawili. Wavu wa magamba umejipanga hadi mabegani. Wekundu wa mashavuni na ubavuni umepanda milimita kadhaa juu ya mstari wa ubavu. Ukiendelea kupanda kwa kasi hii utameza buluu, jambo la kawaida kwa Asagi wanaolishwa karotenoidi nyingi, na ndiyo sababu ya ziada ya kutowapa chakula cha rangi katika tangi la pamoja.

Sentimita 28

Joto limeshushwa kutoka nyuzi 24 hadi 19 kwa wiki tatu, nyuzi moja na nusu hadi mbili kwa wiki. Ukuaji mfululizo kwenye maji ya moto huipa ngozi wembamba na weusi kulegea. Kipindi cha ubaridi huikaza. Chakula kimepunguzwa hadi asilimia 1 na protini hadi asilimia 35.

Matokeo yalionekana mapema kwa weusi. Vivuli vyote vya SA vimepanda juu, hata lile doa lililozama. SH amekolea kama wino. Wekundu wa K1 umejaa tena, sasa mzito kuliko ulivyokuwa katika sentimita 12, na ukungu wa mbele umepungua hadi gamba moja. K2 ana madirisha matano. Wekundu uliobaki unang'aa, lakini baka la nyuma limeanza kuvunjika vipande.

Mgongo wa AS ulionekana na mpindo mdogo kushoto katika picha ya juu. Visababishi vya kuchunguza ni vitatu: umeme unaovuja majini, ukosefu wa vitamini C, au jeraha. Pampu zote zilipimwa kwa voltimita, ncha moja majini na nyingine kwenye waya wa ardhi, hakuna uvujaji. Mfuko wa chakula ulikuwa umefunguliwa miezi mitano, na vitamini C huharibika upesi mfuko ukishafunguliwa na kukaa penye joto. Mfuko umebadilishwa, tangu sasa hununuliwa wa kuisha ndani ya wiki nane, na hukaa kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali pa baridi na pakavu. Mpindo haunyooki ukishashika mfupa, hivyo AS atafuatiliwa kwa picha ya kila wiki mbili badala ya mwezi.

Sentimita 32

Joto limerudishwa nyuzi 23. Jumla ya uzito imepita kilo 3.5 na chakula kiko gramu 55 kwa siku. Kwa kiasi hicho tangi hupoteza digrii 1 ya KH kila siku nne kasoro, na nitrati haishuki chini ya miligramu 40 kwa lita hata kwa kubadilisha maji mara mbili kwa wiki. Lita 3,000 zimefika mwisho. Kuwaacha hapa hakutawaua, ila kutawapunguza: urefu husimama kwanza, tumbo huendelea, na uwiano wa mwili unaharibika bila njia ya kuurudisha.

Vipimo vya mwisho katika tangi hili: K1 sentimita 33, uwiano 1.75. K2 30, uwiano 1.6. SA 31.5. SH 32. AS 31, mpindo haujaongezeka. CH 39, uwiano 1.8.

Bwawa linalofuata lina lita 12,000 na kina cha mita 1.8. Chujio lake limeendeshwa wiki sita kwa vyombo vya bakteria vilivyohamishwa kutoka tangi hili, na limejaribiwa kwa kloridi ya amonia hadi likaweza kumaliza miligramu 2 kwa lita ndani ya saa 24. KH imewekwa 6 kwenye mabwawa yote mawili na tofauti ya joto haizidi nyuzi 2 siku ya kuhama. K1, SA, SH na CH wanahama kwanza. AS anabaki hadi picha mbili zijazo za mgongo. K2 anabaki naye: wekundu wake ungali wa kupendeza, na kumbukumbu ya jinsi unavyovunjika kutoka sentimita 30 hadi 40 ina thamani kwa yeyote anayechagua koi wachanga kwa rangi iliyokwisha kukolea.

Kipimo kijacho kwa wote: K1 akifika 36.